Goti linauma wapi hasa? Historia ya mfupa ulio chini ya gegedu

Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa mifupa kutoka San Francisco, Marekani, aitwaye Scott Dye, alichapisha makala ambayo mpaka leo ukimsimulia mtu lazima akunje uso. Aliomba wenzake wamwingizie kamera ndogo na kijiti cha chuma ndani ya magoti yake mwenyewe, yote mawili, akiwa macho kabisa. Ganzi alichomwa kwenye ngozi tu, pale vifaa vilipopita. Ndani ya goti hakukuwa na ganzi yoyote. Mwenzake akawa anagusa sehemu moja baada ya nyingine, naye Dye anataja anachosikia kwa alama. 0 maana yake hasikii kitu, 4 maana yake maumivu makali.

Walipogusa utando laini unaofunika kiungo kwa ndani, na yale mafuta yaliyo chini ya pia ya goti, maumivu yalikuwa makali. Walipogusa gegedu lililo nyuma ya pia ya goti, alama ilikuwa 0. Hakusikia kitu.

Kama umewahi kutafuna kile kitu cheupe, kigumu kiasi na chenye kuteleza, kilichopo mwishoni mwa mfupa wa kuku, basi gegedu unalijua. Na wewe unalo, limefunika ncha za mifupa yako inapokutana gotini. Sasa, ugonjwa wa osteoathritisi ya goti, huu ambao mtaani tunasema "goti limesagika" au "mafuta ya goti yameisha", tumefundishwa kwamba ni ugonjwa wa gegedu kuisha. (Usiuchanganye na baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo, wala jongo.) Lakini gegedu halina neva. Halina hata mishipa ya damu. Kitu kisicho na neva hakiwezi kuuma.

Basi nini kinauma? Swali hili ni jepesi kuuliza, ila sayansi ilichukua muda mrefu kulitazama vizuri. Nataka nikupitishe kwenye historia yake, kwa sababu kuna watu wengi tu wameambiwa "picha yako haina shida kubwa" wakati usiku hawalali.

Kivuli cha kitu kisichoonekana

Tuanzie London, mwaka 1743. Kijana Mskoti aitwaye William Hunter, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, aliandika makala kuhusu gegedu za viungo na magonjwa yake katika jarida la Royal Society. Alikuwa amepasua viungo na kuvichunguza kwa makini, na alichoeleza kuhusu gegedu kiliwatisha madaktari kwa vizazi: likishaharibika, halirudi. Ukilisoma jambo hilo ukiwa daktari wa karne ya 18 au 19, macho yako yote yanaenda kwenye gegedu. Ndilo lililopotea, ndilo lisilorudi, kwa hiyo bila shaka ndilo tatizo.

Halafu mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, kule Ujerumani, akagundua miale ya eksirei. Ndani ya muda mfupi madaktari wakaanza kuona mifupa ya mtu aliye hai bila kisu. Ila kuna jambo moja watu wengi hawalijui: eksirei ya kawaida haionyeshi gegedu. Miale inapita humo kama inavyopita kwenye nyama. Daktari anachokiona ni mifupa miwili na nafasi tupu katikati. Nafasi ikiwa pana anasema gegedu lipo. Nafasi ikibana anasema limeisha. Yaani tunapima kitu kwa kutazama pengo lake.

Mtu aliyeipa kazi hiyo utaratibu alikuwa Jonas Kellgren, na kwangu mimi huyu ndiye mhusika wa ajabu kuliko wote katika historia hii.

Kellgren alianza kama mtafiti wa maumivu. Miaka ya 1930 alifanya kazi London na Sir Thomas Lewis. Alikuwa anachoma maji yenye chumvi nyingi ndani ya misuli na sehemu nyingine za ndani, mwilini mwake na kwa watu waliojitolea, kisha anachora maumivu yamesikika wapi. Makala zake za mwaka 1938 na 1939 zilionyesha kwamba maumivu kutoka ndani ya mwili yana tabia ya kuhama. Unachomwa hapa, unasikia pale. Hii ndiyo sababu mtu mwenye tatizo la nyonga anaweza kuja analalamikia goti. Kwa maneno mengine, huyu bwana alijua kuliko wengi kwamba maumivu hayasomeki kirahisi.

Baada ya vita alihamia Manchester, ambako mwaka 1953 alipewa uprofesa wa magonjwa ya viungo. Yeye na mwenzake John Lawrence walichunguza wachimbaji wa makaa ya mawe na wakazi wengine wa kaskazini mwa Uingereza. Walihitaji namna ya kulinganisha picha za mamia ya watu bila kila msomaji kuja na maoni yake. Mwaka 1957 wakachapisha kipimo cha ngazi 0 mpaka 4, kinachotumika hadi leo duniani kote kwa jina la Kellgren na Lawrence. Wanaangalia vijimiba vya mfupa vinavyoota pembeni mwa kiungo, nafasi iliyobana, mfupa uliokakamaa chini ya gegedu, vishimo ndani ya mfupa huo, na umbo lililopinda.

Soma tena orodha hiyo. Kwanza, hakuna panapouliza mtu anaumwa kiasi gani. Hilo si kosa lao, maana kipimo kilitengenezwa kwa ajili ya kuhesabu ugonjwa katika jamii. Pili, mambo mengi kwenye orodha ni mabadiliko ya mfupa! Mfupa ulikuwa pale pale mbele ya macho yao. Lakini kwa miaka mingi ulisomwa kama matokeo tu: gegedu limeisha, mifupa inasagana, ndiyo maana umekakamaa.

Picha inasema hivi, mtu anasema vile

Kipimo cha kuhesabia kilipogeuzwa kuwa kipimo cha kumwamini au kutomwamini mgonjwa, shida ikaanza. Uchambuzi wa takwimu za Wamarekani zaidi ya 6,000, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na osteoathritisi ya wazi kwenye eksirei, asilimia 47 tu ndio walisema magoti yanawauma. Na kati ya waliosema magoti yanawauma, asilimia 15 tu ndio walikuwa na picha mbaya kiasi hicho.

Mimi nilikutana na tofauti hiyo kabla sijaisoma popote. Shangazi yangu aliumwa goti la kulia kwa karibu mwaka mzima. Kupanda ngazi ya daladala ilikuwa kazi, na usiku ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Akaenda hospitali, akapigwa picha, akaambiwa mabadiliko ni madogo ya umri, apunguze mawazo. Aliponipigia simu hakuwa analia, alikuwa na hasira. "Mwanangu, mimi naonekana mwongo?" Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili na sikuwa na jibu. Nilimwambia pole tu.

Ukitazama takwimu zile haraka haraka unaweza kuhitimisha kwamba mfupa na maumivu havihusiani, basi ni mambo ya akili. Wengi walihitimisha hivyo. Lakini kulikuwa na mtego. Watu wanatofautiana sana katika kuhisi na kusema maumivu: usingizi, huzuni, kazi, malezi, hata nani anakuuliza. Ukimlinganisha mama wa miaka 60 na mzee mwingine wa miaka 60, unalinganisha vitu vingi kwa mpigo. Mwaka 2009 Tuhina Neogi na wenzake wa Boston walitumia njia rahisi ajabu. Walichukua watu ambao goti moja linauma na jingine haliumi, wakalinganisha goti na goti la mtu yule yule. Mtu ni mmoja, akili ni moja, usingizi ni mmoja. Hapo uhusiano ukajitokeza kwa nguvu: goti lenye picha mbaya zaidi ndilo lililokuwa linauma. Kwa hiyo ndani ya goti kulikuwa na kitu. Eksirei ilikuwa inakiona kwa mbali tu.

Waliotazama chini

Kuna watu walishautazama mfupa mapema, na hawakusikilizwa sana.

Miaka ya 1970 Eric Radin, daktari wa mifupa huko Boston, alikuja na hoja iliyogeuza mambo. Mfupa ulio chini ya gegedu, alisema, ndio unaobeba mshtuko wa kila hatua. Kwa ndani mfupa huo una matundu kama sega la nyuki, na ubonyeo wake ni kama shokapu za gari. Ukipata nyufa ndogondogo, unapona, lakini unapona ukiwa mgumu zaidi. Shokapu zikikaza, tairi ndilo linaloumia, na tairi hapa ni gegedu. Radin na wenzake walifika hatua ya kuwatembeza kondoo kwenye sakafu ya zege kwa muda mrefu, wakiwalinganisha na wengine waliotembea kwenye ardhi laini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 yalionyesha mabadiliko katika mfupa na gegedu za magoti ya wale wa zege. Kama Radin yuko sahihi au la kuhusu kipi kinatangulia, mjadala unaendelea mpaka leo, na wengi sasa wanaona mfupa na gegedu vinaharibika pamoja, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Lakini aliufanya mfupa uwe mhusika.

Wakati huo huo, huko Skandinavia, Carl Arnoldi na wenzake walikuwa wanafanya kitu kingine kinachohitaji moyo: kuingiza sindano ndani ya mfupa na kupima presha ya humo. Damu inaingia kwenye mfupa na kutoka kwa mishipa ya vena. Mfupa ni sanduku gumu, hauvimbi. Njia ya kutoka ikiziba kidogo, presha inapanda na haina pa kwenda. Mwaka 1975 walichapisha kazi yao juu ya goti, na kitu kimoja kilisimama wazi: wagonjwa wenye maumivu hata wakiwa wamepumzika ndio waliokuwa na presha kubwa ndani ya mfupa.

Maumivu ukiwa umepumzika. Usiku. Hebu mkumbuke shangazi.

Tatizo la kazi ya Arnoldi lilikuwa la kawaida kabisa. Huwezi kumchoma kila mgonjwa sindano ndani ya mfupa. Bila chombo cha kuona bila kutoboa, hoja hiyo ikabaki pembeni.

Madoa yanayong'aa

Chombo kilikuja, kinaitwa MRI. Kinatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kusoma maji na mafuta mwilini. Uboho wa mtu mzima karibu na goti una mafuta mengi, kwa hiyo ukizima ishara ya mafuta, mfupa mzima unakuwa mweusi, na penye majimaji pasipotakiwa panang'aa kama taa. Mwaka 1988 timu moja ya Marekani ilieleza wagonjwa wenye maumivu ya nyonga na goti waliokuwa na madoa ya namna hiyo, wakayaita uvimbe-maji wa uboho. Jina likashika.

Kisha mwaka 2001 David Felson na wenzake wa Boston wakauliza lile swali. Walikuwa na watu 401 wenye osteoathritisi ya goti kwenye eksirei. Kati yao 351 walikuwa na maumivu, na 50 hawakuwa nayo. Wote ugonjwa wanao, tofauti ni kuumwa tu. Kwenye MRI, madoa ya uboho yalionekana kwa asilimia 77.5 ya wanaoumwa na asilimia 30 ya wasioumwa. Madoa makubwa yalionekana kwa karibu asilimia 36 ya wanaoumwa, na asilimia 2 tu ya wasioumwa.

Usiruke ile asilimia 30. Maana yake mtu anaweza kuwa na madoa na asiumwe. Hivyo madoa si jibu lote. Lakini kazi zilizofuata ziliongeza uzito. Mwaka 2003 timu hiyo hiyo ilionyesha kwamba goti lenye madoa ndilo linaloendelea kuharibika haraka, tena upande ule ule wenye doa, na sehemu ya sababu ni miguu iliyopinda, yaani matege, inayosukuma uzito wote upande mmoja. Mwaka 2011 utafiti mwingine ulionyesha kwamba madoa yanakua na kupungua ndani ya miezi, na maumivu yanapanda na kushuka pamoja nayo. Hii ilikuwa habari kubwa, kwa sababu gegedu haliji na kuondoka. Maumivu ya goti yanakuja na kuondoka.

Na ndani ya doa kuna nini? Wataalamu walipochukua mifupa iliyoondolewa wakati wa kubadilisha goti na kuiangalia kwa hadubini, kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walikuta majimaji ni kidogo. Kulikuwa na uboho uliokufa, makovu, na vijiti vya mfupa vilivyovunjika na kujirekebisha vibaya. Ndiyo maana watafiti wengi waliacha neno "uvimbe-maji" na kusema vidonda vya uboho.

Mfupa, tofauti na gegedu, umejaa neva. Mwaka 2007 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walionyesha jambo la kushangaza zaidi: katika magoti yenye ugonjwa, mishipa midogo ya damu pamoja na neva za hisia inatoboa kutoka kwenye mfupa kupanda juu mpaka ndani ya gegedu. Mahali palipokuwa kimya panafungwa waya. Mwaka 2019 timu ya Baltimore ilieleza, kwa panya, nani anayezialika neva hizo: ni seli zinazokula mfupa wakati wa ukarabati, ambazo zinatoa protini inayoitwa netrini-1, na neva zinaifuata.

Kwa nini dawa bado haijapatikana

Ukifika hapa unasema: basi, tibu mfupa, kazi imekwisha. Watu walijaribu. Mwaka 2012 watafiti wa Tasmania, Australia, waliwapa watu wenye madoa ya uboho dawa ya asidi ya zoledroniki, inayozizuia zile seli zinazokula mfupa. Walikuwa watu 59 tu, na baada ya miezi 6 waliopata dawa walikuwa na nafuu. Kila mtu akafurahi. Wakarudia kwa watu 223 na kuwafuatilia miaka 2. Majibu yalitoka mwaka 2020: hakuna tofauti, si kwa maumivu wala kwa gegedu.

Wengine wakaenda kwenye neva zenyewe. Dawa ya tanezumabu inazuia protini inayokuza neva za maumivu, na kwa kweli ilipunguza maumivu. Lakini mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha majaribio baada ya viungo vya baadhi ya wagonjwa kuharibika haraka kuliko kawaida. Majaribio yakarudi kwa tahadhari, na mwaka 2021 jopo la washauri likapiga kura: 19 walisema faida haizidi hatari, 1 alisema inazidi. Mwaka huo huo kampuni zikaachana nayo. Jinsi viungo vile vilivyoharibika bado inachunguzwa, ila inatukumbusha kwamba maumivu yana kazi. Yanakwambia punguza mzigo.

Kilichobaki na ushahidi mzuri ni vitu visivyouzwa kwa matangazo: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa. Utafiti wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kila kilo 1 unayopunguza inaondoa takribani kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Ukizidisha kwa hatua za siku moja, ni mzigo wa maana kwa ule mfupa.

Kwa hiyo, umejifunza nini hapa cha kumwambia mtu nyumbani? MRI si ya kila goti. Ni ghali, na mara nyingi haibadilishi matibabu. Lakini eksirei yenye mabadiliko madogo haithibitishi kwamba mtu haumwi. Inathibitisha tu kwamba nafasi kati ya mifupa haijabana sana. Ndani ya mfupa, kwenye utando wa kiungo, na kwenye neva zinazopeleka habari kwenye ubongo, mengi yanaweza kuwa yanaendelea, na picha ile haiwezi kuyaona.

Hayo ndiyo niliyomweleza shangazi mwaka uliofuata, nikiwa nimeshasoma vya kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mafuta yameisha?" Nikamwambia hapana shangazi, na ukirudi kwa daktari usiseme tu goti linauma. Mwambie linauma saa ngapi, ukiwa unafanya nini, na kwamba usiku linauma hata ukiwa umelala. Alirudi na kikaratasi alichoandika mwenyewe. Safari hii alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Goti bado linamsumbua siku nyingine, hasa akisimama sana, lakini ngazi ya daladala anaipanda, na lile swali la kama yeye ni mwongo hajaniuliza tena.